Wafuasi 11,000, chupa 30: nimlipe mshawishi wa Kampala?

Barua

Ndugu washauri,

Nawasalimu kutoka Arua, Uganda. Nina biashara ya asali. Nanunua kwa wafugaji wa nyuki wa huku West Nile, nachuja, napaki kwenye chupa za gramu 500 zenye chapa yangu, nauza shilingi 15,000. Nikitoa gharama za asali na chupa yenyewe, nabaki na kama 4,000 kwa chupa.

Mwaka jana nilimchukua kijana mmoja anishikie mitandao. Namlipa 400,000 kwa mwezi, na 200,000 nyingine inaenda kwenye kubusti posti, yaani kuilipia mitandao izionyeshe kwa watu wengi zaidi. Anaposti kila siku, Instagram, TikTok na X, picha nzuri kwa kweli. Wafuasi wa Instagram sasa ni 11,000. Lakini kwa mwezi nauza chupa 120, na katika hizo 90 zinatoka hapa dukani na maofisini. Za mtandaoni ni 30, mwezi mbaya hazifiki.

Watu wanauliza. Kwa siku hawakosi kumi wanaoandika "bei?" chini ya posti. Kijana anawajibu "njoo inboksi", kwa sababu hatutaki washindani waone bei yetu. Wengine hawaji. Wengine wakija anawajibu jioni, maana ana wateja wengine anaowashikia akaunti. Tulijaribu pia WhatsApp: alipata namba nyingi mahali, akatengeneza magrupu na kutuma tangazo kwa wote. Baada ya muda namba ile ikafungiwa.

Sasa anasema tatizo ni kwamba chapa haijulikani, na anataka nitoe 1,500,000 tumlipe mshawishi mmoja wa mitandaoni huko Kampala atusemee. Binamu yangu yeye anasema nifungue ukurasa wa Facebook. Kijana anacheka, anasema Facebook Uganda ilishakufa. Nina wateja Ariwara ng'ambo ya mpaka, na wachache Juba. Nifanye lipi?

Mama Asali, Arua

Jibu

Mama Asali, salaam. Mshawishi usimlipe, angalau si sasa, na hesabu uliyoileta mwenyewe inatosha kuonyesha kwa nini.

Kijana 400,000, kubusti 200,000, jumla 600,000 kwa mwezi. Zinazotoka mtandaoni ni chupa 30. Kila moja basi imekugharimu 20,000 kuitangaza, na faida yake ni 4,000. Hata ukizijumlisha chupa zote 120, pamoja na zile 90 ambazo mtandao haukuzileta, faida ya mwezi ni 480,000. Duka linalisha mtandao na bado halitoshi. Ukiongeza 1,500,000 juu yake, utahitaji kuuza chupa 375 za ziada ili urudishe hela yako tu.

Tena tazama hapa: watu kumi kwa siku ni 300 kwa mwezi, na wanaonunua ni kama 30. Tisa katika kila kumi wamefika mlangoni, wameuliza bei, wakaondoka. Anayeuliza bei ameshakujua, kwa hiyo hoja ya kijana kwamba chapa haijulikani haisimami. Mshawishi atakuletea waulizaji wengine 300 wapotelee palepale. Ukiwashika wawili katika kumi badala ya mmoja, umeongeza chupa 30 bila shilingi moja ya matangazo.

Kwa hiyo anza na bei. Iandike juu ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa: gramu 500, sh 15,000, inapatikana wapi, namba ya WhatsApp. Mshindani akitaka kujua bei yako anamtuma mtoto dukani na noti. Anayefichwa ni mnunuzi peke yake. Na kumbuka wanaokutazama wananunua bando, ambalo tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12, na wengi wana la WhatsApp tu au la siku moja. Mtu huyo hatafungua linki tatu kutafuta kitu ambacho kingekaa kwenye picha. Maswali ya "bei?" yaliyopo yajibiwe palepale hadharani, kwa namba, kwa sababu kila anayeuliza ana wenzake wanaopita wakisoma bila kuandika.

Kisha WhatsApp, ambako mauzo yako yatafungwa. Weka laini ya biashara kwenye WhatsApp Business, na laini hiyo ikae kwenye simu yako wewe. Kijana aunganishwe kama kifaa cha ziada. Programu inaruhusu vinne zaidi ya simu kuu, na siku mkiachana unamtoa kwa kubonyeza mara moja. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na asiijue mtu. Jaza katalogi: chupa ya gramu 500, ya kilo kama unayo, na katoni kwa wenye maduka, kila moja na bei yake.

Ujumbe wa salamu huenda wenyewe kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14. Usiupoteze kwa "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde". Andika kitu kama hiki: "Karibu. Asali gramu 500 ni 15,000. Arua mjini tunaleta leo. Kampala inapanda basi la usiku, kuanzia chupa 3. Niandikie idadi na ulipo." Mteja wa Kampala akiandika "3, Ntinda", yaani chupa tatu na mtaa wake, umemaliza nusu ya kazi ukiwa bado sokoni. Majibu mengine yanayojirudia, kama namba ya kulipia, siku za basi na asali iliyoganda, yahifadhi kwenye majibu ya haraka, uyaite kwa alama ya mkwaju (/).

Lebo za mazungumzo ziwe chache: Ameuliza, Ameahidi, Amelipa, Ametumiwa, Arudi. Kila jioni fungua "Ameahidi" peke yake, uwaandikie mara moja, si mara tatu. "Arudi" ndiyo yenye pesa rahisi kuliko zote, na ndiyo biashara nyingi huisahau. Nyumba inayokula asali kwa chai na mkate humaliza nusu kilo kwa mwezi hivi. Aliyenunua na kuridhika, ukimkumbusha wiki ya nne kwa ruhusa yake, hahitaji kubustiwa.

Ruhusa nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu ya lile jambo la magrupu. Namba zilizookotwa mahali si orodha ya wateja. Watu wakimzuia na kumripoti mtumaji wasiyemjua, namba yake hufungiwa, na ndivyo ilivyowakuta. Grupu lina ubaya mwingine: kila mwanachama anaona namba za wenzake, nawe huna haki ya kuzigawa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mwenye taarifa, na inampa haki ya kukwambia uache kumtumia matangazo. Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ndiyo inayosajili wanaokusanya taarifa za watu, jisajili.

Badala ya grupu tumia orodha ya matangazo. Moja inabeba hadi watu 256, kila mmoja anapata ujumbe kama wake peke yake, na hawaonani. Lakini ina sharti linalowashangaza wengi: ujumbe humfikia tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana unatuma kwa mia mbili na wanaopata ni arobaini. Dawa yake ni kibandiko kidogo kwenye kifuniko: "Hifadhi namba hii uandike ASALI, tukujulishe mavuno mapya." Anayefanya hivyo ametoa ruhusa na amehifadhi namba kwa tendo moja. Mtumie mara mbili kwa mwezi, isizidi.

Ili ujue nani anatoka wapi, usiweke linki moja kila mahali. Linki ya WhatsApp huandikwa wa.me/ ikifuatiwa na namba inayoanza na 256, bila jumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Mwishoni unaongeza maneno yatakayojiandika kwenye simu ya mteja, hivi: wa.me/2567XXXXXXXX?text=Nimeona%20asali%20TikTok. Hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno. Tengeneza ya TikTok, ya Instagram, ya X, na ya kibandiko. Mteja akibonyeza, neno la kwanza unalopokea linakwambia ametokea wapi. Kwenye daftari piga mistari minne: chanzo, walioandika, waliolipa, waliorudi. Jaza kila Jumamosi. Baada ya wiki nne utajua mtandao upi wa kuacha, na hutahitaji kubishana na kijana.

Sasa cha kuposti. Picha nzuri kila siku si lazima. Tatu kwa wiki zinatosha kama kila moja inajibu swali ambalo mtu ameuliza kweli. Pitia mazungumzo ya WhatsApp na maneno ya watu dukani, uyaandike kama walivyoyasema. Biashara ya asali imejaa maswali, na hapo ndipo ungeweza kuwapita wenzako wote.

"Mbona imeganda, mmetia sukari?" Hili peke yake ni video mbili. Asali ni sukari nyingi iliyoyeyuka katika maji kidogo. Glukosi ikishindwa kubaki imeyeyuka hufanya chembe. Inategemea maua na baridi: chupa ileile itaganda mapema kwa mteja wa Kabale kwenye baridi kuliko kwako Arua. Onyesha chupa iliyoganda ikiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu ya kama nyuzi 40, yale ambayo mkono unayavumilia, kifuniko kimelegezwa, na kijiko kikizama polepole asali inapolainika. Sema usiichemshe, kwa kuwa joto kali huharibu harufu na ladha.

"Nitajuaje ni halisi?" Watu wanatazama video za kuwasha kiberiti na kumwaga asali kwenye glasi ya maji. Vipimo hivyo havithibitishi kitu. Chukua refraktomita, kile kifaa kidogo cha kupima maji yaliyomo kwenye asali, tia tone, sogeza simu mpaka namba isomeke, uonyeshe unyevu wa shehena hii na namba ya shehena hiyohiyo kwenye lebo. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Ikizidi huelekea kuchacha, hutoa povu na harufu ya uchachu. Mshindani anayeuza sharubati ya sukari kama asali hawezi kuiga video hii, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko mwezi mzima wa kubusti.

"Mtoto anaweza kula?" Jibu ni hapana kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria, na liandikwe kwenye lebo pia. Kumwambia mama asinunue kwa ajili ya kichanga hakukupunguzii mauzo. Ila usiingie kwenye "inaponya vidonda vya tumbo" na "inashusha presha", hata kama majirani zako wa mtandaoni wanaandika hivyo. Ukidai tiba umeingia eneo la Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA.

Kuhusu namna ya kupiga: simu ikiwa wima, karibu na dirisha, sekunde 20 hadi 40, na swali liandikwe kwenye skrini tangu sekunde ya kwanza, maana wengi hutazama bila sauti. Hifadhi video halisi kabla ya kuiweka TikTok. Ukiipakua baadaye inakuja na alama ya TikTok, na Instagram ilishasema tangu 2021 kwamba video zenye alama kama hiyo haizipendekezi sana. Maelezo ya chini yawe na maneno ambayo mtu angeyachapa akitafuta: "asali ya Arua, bei, Kampala". Maneno ya kishairi yaache. Lugha changanya bila woga. Kilugbara kwa wa nyumbani, Kiswahili kwa Ariwara na Juba, Kiganda au Kiingereza kwa Kampala, lakini video moja lugha moja.

Wale wafuasi 11,000 wachunguze. Akaunti ya biashara ya Instagram ina ukurasa wa takwimu unaoonyesha wafuasi wako wako miji gani. Ukikuta miji ya mbali ambako hujawahi kupeleka hata chupa moja, huenda wafuasi hao walinunuliwa, na wana madhara: posti inaonyeshwa kwao, hawafanyi chochote, nao mtandao unasoma kwamba haina mvuto. Ikiwa zaidi ya nusu ni wa namna hiyo, akaunti mpya yenye watu 200 wa kweli itakufaa zaidi. Usisahau kusajili duka kwenye Google Ramani pia. Ni bure, picha, saa za kufungua na namba ya simu, kisha uwaombe wanunuzi waandike maoni yao. Usiwape punguzo kwa maoni, Google inakataza.

Binamu yako na kijana wote wana nusu ya ukweli kuhusu Facebook. Ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na anayeingia anapitia VPN, programu inayoficha uko nchi gani. Kwa hiyo tangazo la Facebook la kulenga Uganda linawakosa wengi, kwani mwenye VPN anaweza kuonekana yuko Uholanzi. Kwa Kampala usitumie hata shilingi. Lakini mteja wa Ariwara yuko Kongo, na kwake haijafungwa. Ukurasa mmoja wenye bei, picha sita na linki yake ya WhatsApp, kwa ajili ya ng'ambo tu, unafaa. Tahadhari kwa anayeusimamia kutoka Arua: VPN inayoruka nchi tofauti kila siku huifanya akaunti ionekane imeibwa na kufungwa. Juba nako, Januari 2025 Facebook na TikTok zilizimwa kwa siku kadhaa. Namba za wateja waliotoa ruhusa ziandike pia kwenye daftari la karatasi.

Kitu kingine kinachowafukuza watu wa mbali ni wasiwasi wa kulipa kabla ya kuona mzigo. Jina linalotokea mteja anapolipa kwa MTN MoMo au Airtel Money lifanane na chapa yako, au umwambie mapema litatokea jina gani. Mzigo ukishapanda basi, piga picha ya risiti ya kampuni ya basi na namba ya gari, umtumie palepale pamoja na saa ya kufika. Nauli ya kifurushi itajwe mbali na bei ya asali. Chupa zisimame wima kwenye katoni, karatasi katikati, kifuniko kizungushiwe utepe. Asali ikivuja njiani, picha ya katoni hiyo ndiyo itakayozunguka. Ukiwa na ndugu Kampala, mwachie chupa 24, na oda ya huko ipelekwe na boda siku ileile.

Mshawishi mrudie baada ya miezi mitatu, daftari likionyesha wawili au watatu katika kumi wananunua. Siku hiyo mwombe picha za takwimu zake zinazoonyesha watazamaji wake wako wapi, mpe linki yake peke yake, na mlipe nusu kabla na nusu baada. Akikataa linki, mwache.

Kijana usimfukuze bado. Barua pepe na namba za akaunti zote zihamie kwako kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote ya mshahara. Kubusti simamisha. Kisha mpe kazi mpya: saa mbili kwa siku, asubuhi moja na jioni moja, kujibu kila swali kwa bei na namba, na video tatu kwa wiki. Malipo yawe 120,000 pamoja na 1,000 kwa kila chupa iliyolipwa kupitia zile linki. Faida yako itabaki 3,000 kwa chupa, na chupa 40 zitafidia ile 120,000. Zikifika 60, yeye anachukua 180,000 nawe unabaki na 60,000. Akisema hiyo ni hela ndogo, ni kweli, na ana wateja wengine. Mtafute anayejibu ujumbe haraka na kwa adabu, hata kama hajui kupamba video.